Mti wa Mwisho Juu ya Jiko

Agneta,

Umelala. Nimekufunika shuka, umelitupa. Nimekufunika tena, umelitupa tena, kama ulivyofanya tangu ukiwa mchanga. Begi lako liko mlangoni, limefungwa, na mimi nimekaa mezani pembeni ya mti wa Krismasi ambao bado haujatolewa.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kuchemsha maji, wala namna ya kumsalimia matroni. Hayo nimeyasema mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika nusu. Huko bwenini Songea utakuta wasichana wenzako wameambiwa hayohayo na mama zao, na mtacheka pamoja. Mimi nataka kukuandikia kuhusu mti huu, kwa nini ulikataa kuuchagua, na nilichokufanyia ulipokataa.

Desturi yetu unaijua, ila hujui ilivyoanza.

Babu yako alipomwoa bibi yako alimtoa Lituhi, ufukweni mwa ziwa, akamleta huku milimani. Nyumba aliijenga chini ya mteremko huu mkali kwa sababu hapo ndipo alipopewa na baba yake. Chini ya nyumba walilima ngoro, yale mashimo yetu ya Kimatengo yanayoyashika maji yasikimbie na udongo. Juu ya nyumba hapakulimika. Palikuwa na mteremko mtupu, na kila masika uliteremsha matope mpaka mlangoni. Babu yako akapanda misaipresi, mstari mmoja mrefu kutoka upande wa njia hadi juu ya jiko. Aliipanda ili ishike. Alijua alichokuwa akikifanya, na nataka ukumbuke hilo unaposoma mengine.

Mwanzoni Krismasi ilikuwa tawi tu. Alikata tawi moja, akalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, bibi akalipamba kwa pamba na karatasi za peremende. Mdogo kuliko wote nyumbani ndiye aliyechagua, kwa kulifunga kitambaa chekundu. Kitambaa kikishafungwa, hakuna aliyeruhusiwa kulisema vibaya lile tawi. Limepinda? Limependeza. Lina upara upande mmoja? Limependeza. Bibi alisema mtoto asivunjwe moyo sikukuu. Halafu, kama desturi zinavyonenepa zenyewe, ikawa kwamba mpaka mti utakapotolewa baada ya Epifania, hakuna habari mbaya ya aina yoyote inayosemwa ndani ya nyumba hii. Aliyeugua tulisema amechoka. Mbuzi akifa, tulisema amepotea. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mwezi wa Desemba mbuzi wote wa Mbinga hupotea.

Mimi ndiye niliyetaka mti mzima. Sikuwa nimeanza hata shule. Nilikuwa nimeona picha kwenye kalenda ya parokia, mti wenye shina na ncha, na siku ya kuchagua nikapita matawi yote nikafunga kitambaa kwenye shina.

Babu akacheka. "Huyu anataka kunihamishia msitu sebuleni!"

Bibi hakucheka. "Baba Fidea," akasema taratibu, akimwita kwa jina langu, "hapo si kwenye tawi."

"Ameshafunga," babu akajibu.

Akaenda kuchukua shoka. Nakumbuka nikipiga makofi mti ulipolala. Msaipresi ukikatwa shina hauchipui tena, lakini nani angemwambia hivyo mtoto anayepiga makofi? Tangu mwaka ule hakuna aliyerudi kwenye tawi. Kila Krismasi mti mmoja ulishuka kutoka juu ya nyumba ukaingia ndani ya nyumba.

Nimejaribu mara nyingi kuiweka lawama kwa yule mtoto. Haikai. Mtoto hana kosa. Kosa ni la mwanamke aliyekua baadaye, akasoma, akajua, akaendelea kupiga makofi.

Nikueleze pia kuhusu taa, kwa kuwa wewe umezikuta tu kama kitu cha kwenda kutazama mkesha wa Krismasi. Bibi hakuwahi kuzoea milima. Alisema huku kwetu macho hayana pa kwenda, yanagonga mlima yanarudi. Kwa hiyo babu akawa anampandisha ukingoni kila mkesha, mahali ambapo ukungu ukikubali unaliona ziwa, mbali kule chini, na juu yake taa za wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Utotoni mwangu zilikuwa karabai, za rangi ya njano; sasa ni balbu za sola, nyeupe kama meno. Krismasi ikiangukia mbalamwezi hapakuwa na taa hata moja, kwa sababu usipa hawaifuati taa mwezi ukiwaka. Bibi alikaa hivyohivyo akiyatazama maji matupu yaking'aa. "Mwezi umewapa likizo," alisema, na tukashuka kula.

Ni pale ukingoni alipotusimulia habari za kaka yake, Yoramu. Anga ikibadilika usiku ziwani, alisema, hakuna anayetaka mtumbwi wake uwe wa kwanza kugeuka. Kila mtu anaitazama taa ya mwenzake. Yoramu hakungoja. Akisikia upepo umebadili upande tu, taa yake inaelekea nchi kavu, na wenzake wanampigia kelele juu ya maji: "Yoramu, wahi ukanyonye!" Naye anawajibu, "Nawahi, maziwa yasipoe!" Walimcheka ziwani, wakamcheka sokoni, wakamcheka kwenye harusi yake. Alikufa mzee, kitandani, meno yameisha.

"Na wale waliomcheka?" nilimuuliza bibi mwaka mmoja.

"Wengine tuliwazika," akasema. "Wengine hatukuwaona."

Babu alikohoa, maana ilikuwa mkesha na mti ulikuwa ndani. Bibi akazigeukia taa. Niliisikia hadithi hiyo miaka yote ile nikadhani inahusu ziwa.

Kisha nikaenda chuo, nikasoma jiografia, na sasa kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha tatu nachora mteremko ubaoni. Nawaambia mzizi haufi siku mti unapokatwa. Hubaki ardhini, unaendelea kushika kwa miaka, huku ukioza polepole. Nawaambia mteremko mnaouona umesimama unaweza kuwa umesimama kwa mazoea tu. Wanaandika. Wanaofanya vizuri kwenye mtihani wanairudisha sentensi yangu ilivyo. Halafu shule inafungwa, narudi nyumbani, na ninashika kamba ili mti wa mwaka huo usiangukie paa.

Nilisema mara moja tu, nikiwa bado mwanafunzi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kufungwa, na wewe ndiye uliyekifunga, ukiwa umebebwa na babu yako begani. Nikasema, "Baba, miti hii inashika udongo."

"Nimeipanda mimi," akasema. "Leo unanifundisha inashika nini?"

Bibi akaniminya mkono. Niliona aibu, Agneta. Niliona nimerudi kutoka chuo na kiburi, na kwamba kumpenda baba yangu ni kunyamaza. Tangu siku hiyo nimekuwa binti mzuri sana.

Bibi alipofariki, babu alichagua kumzika pale juu, kati ya visiki, ili awe karibu na njia ya kwenda kutazama ziwa. Nilisimama na koleo mkononi. Niliona jinsi udongo wa shimo lile ulivyokuwa laini na jinsi mizizi tuliyoikuta ilivyokatika kama mkate wa jana. Sikusema. Ni mazishi, niliwaza. Nani anasema jambo kama hilo mazishini?

Utaona kwamba kila mara nilikuwa na sababu nzuri.

Sasa nifike kwako. Ulirudi na kuni siku ile, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, ukaniita pembeni. "Mama, kule juu ardhi imefungua mdomo." Tukapanda wote wawili. Ufa ulianza karibu na kaburi la bibi ukapita juu ya nyumba yetu kama upinde. Niliingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko. Uliniangalia usoni ukisubiri nifanye kile ambacho mama hufanya. Nikakwambia, "Usimwambie babu. Acha sikukuu ipite."

Ukasema, "Haya, mama."

Baba yako nilimpigia. Yuko Ngaka na malori yake ya makaa ya mawe, na kila nikimweleza anajibu neno moja: "Mama Agneta, ongea na mzee." Ana haki. Mimi ndiye binti wa mzee.

Siku ya kuchagua mti ulikuwa umebaki mmoja tu, huu ulioko pembeni ya meza yangu, uliokuwa juu kabisa ya jiko. Babu akakukabidhi kitambaa. "Haya, mwenye nyumba, chagua!" Alikuwa akitania, maana hapakuwa na cha kuchagua. Kutoka ng'ambo ya kijito Baba Denisi, jirani ambaye hajawahi kuacha jambo letu lipite bila neno, akapaza sauti:

"Mzee! Mwakani mtapamba mgomba?"

"Mwakani tutakupamba wewe!" babu akamjibu. "Kimo unacho, tatizo ni harufu!"

Baba Denisi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Wewe hukucheka. Ulikwenda ukasimama mbele ya babu yako, ukapiga goti kidogo, ukasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kulikoni? Si tumeamka nyumba moja?"

"Naomba huu tuuache."

"Tuuache, tupambe nini?"

"Tusipambe."

Babu hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Tangu bibi afariki, kuna sura fulani humjia, kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta kufuli si lake. Sikuweza kuivumilia. Nikasema, "Agneta, usiwe mkaidi. Babu anangoja."

"Mama, si tuliona—"

"Tuliona nini?"

Niliitumia ile sauti ya darasani, ya kumwuliza mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi. Ulikuwa umekikunja kitambaa ndani ya ngumi. Nikakushika mkono, nikakufungua kidole kimoja kimoja, nikakipitisha kitambaa kwenye shina, nikafunga fundo kwa vidole vyako. Nikamgeukia babu nikatabasamu.

"Ameshafunga," nikasema.

Hayo ndiyo niliyotaka uyapate kwa maandishi yangu, ili usije ukaambiwa siku moja, hata na mimi, kwamba ulichagua. Hukuchagua. Huko uendako wapo watu watakaokufungisha kitambaa kwa vidole vyako mwenyewe, kisha watasema umeshafunga. Wengine watakuwa wabaya na utawajua. Walio wengi watakuwa wanakupenda, na watakuwa wamechoka, na watataka tu sikukuu iishe salama. Mimi nilikuwa nakupenda wakati nakikunjua kidole chako cha mwisho.

Jioni ya mkesha tulipanda ukingoni kama kawaida. Giza lilikuwa halijakaza. Taa za kwanza zilikuwa zimetoka ufukweni, na babu akaanza kuzionyesha kwa fimbo, hii ya watu wa Lituhi, ile ya jirani zao, kama bibi alivyokuwa akifanya, ingawa sote tunajua kwa umbali ule hakuna anayeweza kujua. Wewe uligeuka ukalipa ziwa kisogo.

"Mama, tazama kwetu."

Nikatazama. Sikuwa nimewahi kuiona nyumba yetu kutoka pale, kwa sababu maisha yangu yote misaipresi iliificha. Sasa ilikuwa wazi. Dirishani taa ndogo za mti zilikuwa zinawaka na kuzimika, nyekundu, kijani, nyekundu, na juu ya paa mteremko ulikuwa mtupu, umevimba katikati kama tumbo la mtu aliyelala. Mstari mweusi ulikuwa umeukata kutoka upande hadi upande. Ulikuwa mrefu kuliko tulivyouacha.

"Ni ule ufa?" ukauliza kwa sauti ya chini, babu asisikie.

"Ni njia ya mbuzi," nikasema.

Ulijua si njia ya mbuzi. Ulinitazama kidogo, kisha ukageuka ukamwambia babu, "Babu, na ile kule ni taa ya nani?" Hukubisha. Hilo ndilo linaloniamsha usiku kuliko ufa wenyewe. Ulimwondoa babu kwenye lile jambo kwa ustadi, kwa upole, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, kama bibi alivyoniminya mkono. Nilimwona binti mzuri sana akizaliwa mbele ya macho yangu, na hakuna aliyepaswa kufurahi.

Tangu siku hiyo mvua haijapumzika. Visiki vya juu vimeanza kuinama kuelekea kwetu. Nyuma ya jiko maji yanatoka mahali ambapo hapajawahi kuwa na chemchemi, na si meupe, ni ya rangi ya chai ya maziwa. Leo mchana mlango wa jiko ulikataa kufunguka. Babu alisema mvua imevimbisha mbao. Inawezekana. Mlango wa chumba chake ni wa mbao zilezile, na unafunguka.

Nilipokaa kuandika, nilikuwa na jambo moja la kukuomba: Pasaka usije. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Wewe uende shule kesho, Epifania ipite, mti utoke, nikae na babu taratibu nimweleze, kabla ya mvua kubwa za Machi. Wewe ubaki Songea mpaka nikuandikie kwamba tumehama. Nikaliandika kwenye karatasi nyingine: Pasaka usije, nyumba hii haina usalama. Nikalisoma. Na wewe umelala hatua chache kutoka hapa, ndani ya nyumba hiyohiyo, mvua inapiga bati mpaka sisikii pumzi yako. Ni mama gani huyu anayemkataza mwanawe kuja miezi mitatu ijayo, na usiku huu amemfunika shuka?

Ile karatasi nimeichana.

Nimekwenda jikoni na tochi. Ule mlango uliokwama uko wazi. Sikuugusa mimi, na babu hajatoka chumbani. Fremu imesogea na mlango umejiachia wenyewe. Sakafuni maji yale ya rangi ya chai yameshavuka kizingiti.

Kwa hiyo sitangoja Epifania, wala kesho, wakati wa salamu na sala na kukusindikiza mpaka stendi. Nikimaliza mstari huu nitamgongea babu yako. Nitamwambia mlima unakuja. Atasema mti bado uko ndani. Atasema mlima ulikuwapo kabla ya miti. Kisha atasema lile ninaloliogopa, kwamba hawezi kumwacha bibi yako peke yake pale juu, na sina jibu lake. Nimelitafuta miezi hii yote na sina. Nitasema bila kuwa na jibu. Ufunguo wa darasa langu ninao, shule iko ukingoni kwenye mwamba, tutalala juu ya madawati. Akikataa, nitakupeleka wewe kwanza, kisha nitarudi kumgongea tena. Ukisikia sauti yangu imepanda juu ya sauti ya babu yako, jambo ambalo hujawahi kulisikia, usiingie katikati kutupatanisha.

Barua naiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, chini ya taulo. Wewe unayeisoma unajua usiku huu uliishaje. Mimi ninayeandika sijui. Kama hakuna kilichoanguka na babu alinicheka mpaka asubuhi, na Baba Denisi akapata maneno ya mwaka mzima, basi nilichekwa, na ninaomba iwe hivyo. Kama ni vinginevyo, ujue niliinuka nimechelewa, ila niliinuka.

Viatu vyako viko mlango wa mbele. Nakuja kukuamsha.

Mama